Ada ya Januari ni Deni la Desemba

Mhadhara kuhusu fedha za shule binafsi, uliotolewa Moshi mbele ya wenye shule, mameneja, wakuu wa shule, wahasibu na wajumbe wa bodi

Kazi yangu ni kukagua hesabu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya katika ofisi ndogo za wahasibu wa shule, zile zenye kabati moja la chuma, mashine ya risiti na foleni ya wazazi mlangoni. Ninayoyasema leo yametoka huko.

Tunakutana mahali panapostahili. Hapa Kilimanjaro watu walianza kununua elimu kwa fedha zao wenyewe zamani sana. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na fedha ya kahawa ilijenga madarasa na kusomesha watoto wengi wa mlima huu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozipeleka shule nyingi za madhehebu mikononi mwa Serikali, nafasi za sekondari zikabaki chache kuliko watoto waliozitaka, na miaka iliyofuata wazazi wa mkoa huu wakachanga tena na kujenga shule zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sekondari zisizo za Serikali nchini zilikuwa tayari nyingi kuliko za Serikali. Kisha ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, ikafungua mlango wazi kwa mtu binafsi, kampuni, kanisa, msikiti na jumuiya. Wengi mliokaa hapa mliingia kwa mlango huo.

Lengo langu ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba shule nyingi zinazokwama hazikwami kwa kukosa wanafunzi wala kwa ada ndogo. Zinakwama kwa sababu fedha inayoingia Januari inahesabiwa kama mapato yaliyokwisha kupatikana, na huku huduma yake itatolewa hadi Desemba. Mzazi akilipa ada mwezi wa kwanza, shule inakuwa na deni kwake: deni la masomo, chakula, kitanda na ulinzi wa mtoto wake kwa siku zote zilizobaki. Nina hoja sita. Ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

1. Kalenda ya fedha si kalenda ya matumizi

Naomba kila mwenye kalamu aandike. Tuchukue shule ya bweni yenye wanafunzi 400, ada shilingi milioni 2 kwa mwaka. Kwenye karatasi mapato ni milioni 800. Ada inalipwa kwa awamu nne: milioni 320 Januari, 160 Aprili, 200 Julai na 120 Septemba. Shule ina wafanyakazi 45, na tukichanganya mishahara ya walimu, wapishi na walinzi wastani ni shilingi 500,000. Hiyo ni milioni 22.5 kwa mwezi. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri inayokwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unapata milioni 24 na laki saba na nusu. Mwezi wenye wanafunzi na mwezi wa likizo, fedha hiyo inatoka.

Chakula je? Kalenda ya Wizara ya Elimu ina siku 194 za masomo. Wahasibu wengi huanzia bajeti ya chakula kwenye siku hizo, na hapo hesabu inaharibika mapema kabisa, kwa sababu mtoto wa bweni anakula Jumamosi na Jumapili pia. Siku 194 za masomo ni takriban wiki 39, na wiki 39 ni siku 270 na ushee za kula. Tukiweka shilingi 2,500 kwa mtoto kwa siku, jiko linakula milioni moja kila siku, yaani milioni 270 kwa mwaka.

Sasa twende mwishoni mwa Januari. Benki kuna milioni 320. Mishahara ya miezi mitatu ya mwanzo ni milioni 74 na robo, na chakula hadi Aprili ni kama milioni 80. Zinabaki karibu milioni 165 ambazo hakuna anayezidai siku hiyo. Hapa ndipo mwenye shule anapopita nyuma ya jiko, anaangalia kiwanja kilichobaki, na kumpigia fundi simu. Bweni jipya linaanza. Februari msingi umekwisha, Machi kuta zimepanda, na shule nzima inafurahi.

Twende Septemba. Awamu ya mwisho ni milioni 120, na baada yake hakuna nyingine hadi Januari. Mbele yako una mishahara ya miezi minne, milioni 99, na siku kama 85 za chakula, milioni 85. Jumla ni milioni 184. Hata kila mzazi akilipa hadi shilingi ya mwisho, pengo ni milioni 64. Wakilipa asilimia 80, jambo ambalo ni la kawaida kwa awamu ya mwisho, zimeingia milioni 96 na pengo limefika milioni 88. Shule hiyo itakopa unga kwa mfanyabiashara, itachelewesha mshahara wa Oktoba, na mwalimu wa fizikia ataondoka wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Wazazi watasema shule imeshuka kitaaluma. Mimi nikifungua vitabu naona kwamba ilishuka Februari, siku simenti ya kwanza iliposhushwa.

Mwaka 2020 ulitupa ushahidi ambao sitaki tuusahau. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi Juni 1, na wengine wote Juni 29. Ada ya awamu ya kwanza ilikuwa imekwisha kulipwa. Shule iliyokuwa imeiweka fedha ile kwa miezi yake iliweza kuwalipa walimu angalau sehemu ya mishahara na kukaa na wazazi kuzungumza kuhusu chakula ambacho hakikuliwa. Shule iliyokwisha kuitumia haikuwa na la kumwambia mwalimu wala mzazi. Walimu wengi wa shule binafsi walikaa miezi ile bila kitu, wakauza mboga na kuendesha bodaboda, na baadhi hawakurudi darasani tena. Inaniuma kulisema, kwa sababu fedha yao ilikuwa imelipwa. Ilikuwa imegeuka tofali.

Nini kifanyike? Mhasibu atengeneze jedwali la miezi 12, mapato upande mmoja na matumizi upande mwingine, aanze na Novemba na Desemba, miezi isiyo na awamu. Mishahara ya miezi hiyo miwili itengwe kutoka kwenye fedha ya Januari na Julai, iingie akaunti nyingine ambayo haina kadi wala huduma ya simu, na ambayo kutoa fedha yake kunahitaji saini ya mjumbe wa bodi asiye wa familia. Fedha ambayo haitahitajika kwa miezi sita isilale. Dhamana za muda mfupi za Serikali zinauzwa za siku 35, 91, 182 na 364. Ukinunua ya siku 182 mwishoni mwa Januari, inaiva mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Shikeni tarehe hiyo, nitairudia nikifika stoo.

2. Mfuko wa mwenye shule na mfuko wa shule

Najua hoja hii inagusa nyumba za watu, na naisema kwa heshima. Sheria yetu inamtaka mwenye shule athibitishwe, na meneja athibitishwe, kabla shule haijasajiliwa. Ni majukumu mawili. Kwetu mara nyingi baba ni mwenye shule, mama ni meneja, na kijana wao aliyemaliza chuo ni mhasibu. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Shule nyingi nzuri za nchi hii zimejengwa na mume na mke waliouza ng'ombe na shamba. Ubaya unaanza pale karo ya mtoto anayesoma ng'ambo, mafuta ya gari la nyumbani na mchango wa harusi vinapotoka kwenye akaunti ya ada bila jina.

Mwenye shule, jiandikie mshahara. Kama unafanya kazi kila siku pale, unastahili, na mshahara wako ukatwe kodi na uingizwe NSSF kama wa mwalimu yeyote. Kodi ya mishahara inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na wewe uwe kwenye orodha hiyo. Kinachobaki mwisho wa mwaka, baada ya hesabu kukaguliwa, bodi ikae na iamue kiasi gani ni chako kama mwekezaji na kiasi gani kinabaki shuleni. Nimekaa na familia moja iliyoamini kwa miaka mingi kwamba shule yao haina faida. Tulipoandika kila shilingi iliyokwenda nyumbani, ikaonekana shule ilikuwa na faida nzuri tu, na kwamba ilikuwa ikigharamia biashara nyingine mbili zilizokuwa zinakula hasara. Hapo ndipo walipoweza kufanya uamuzi.

3. Stoo na jiko

Wahasibu wengi wanaiogopa stoo. Wanapokea karatasi kutoka kwa mtunza stoo, wanaingiza kwenye kompyuta, basi. Katika mfano wetu chakula ni theluthi moja ya mapato yote, na hakuna mahali pengine shule inapopoteza fedha nyingi kwa kimya namna hii.

Niwapeleke asubuhi moja kwenye jiko la shule ambayo sitaitaja. Saa kumi na moja alfajiri, giza bado, moto umeshawashwa. Mpishi anakuja na karatasi ya mgawo: unga kilo 120, yaani gramu 300 kwa kila mtoto. Mizani ipo, imening'inia mlangoni, lakini ndoano yake imepinda na hakuna anayeitumia. Unga unapimwa kwa ndoo. Ndoo zinazohesabiwa ni sita, kila moja imejazwa hadi ikaweka kilima juu. Tulipoomba mizani ya dukani na kupima, unga ulikuwa kilo 130. Hakuna aliyekuwa anaiba. Mpishi alikuwa anajaza ndoo kama alivyofundishwa na aliyemtangulia, na ukoko na mabaki yalikwenda kwa nguruwe wa jirani. Kilo 10 kwa siku, kwa siku 270, ni kilo 2,700. Ni magunia 27 ya kilo mia. Mizani mpya inauzwa kwa bei isiyofika ya magunia hayo hata kidogo.

Sasa nairudia tarehe ya Julai. Mahindi yanavunwa Mei hadi Agosti, kwa kutegemea mkoa. Bei iko chini wakati huo na inapanda kuelekea Januari, Februari na Machi. Shule zetu zinanunua lini? Januari, kwa sababu ndipo fedha ilipo. Tunanunua ghali kila mwaka, na tumeizoea bei hiyo kiasi cha kuiita bei ya kawaida. Kilo 120 kwa siku 270 ni tani 32 na ushee, magunia 324. Tofauti ikiwa shilingi 30,000 tu kwa gunia, hiyo ni milioni 9 na laki saba kwa mwaka mmoja, kwa mahindi peke yake, maharage bado. Ile dhamana iliyoiva mwishoni mwa Julai ndiyo ya kununulia mahindi.

Lakini anayenunua ya mwaka mzima lazima ajue kuhifadhi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mahindi yakaushwe sawasawa, yapimwe unyevu kabla hayajapokelewa, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Kama shule haina stoo ya namna hiyo, inunue ya miezi mitatu na ianze kujenga stoo kabla ya bweni.

Neno moja kuhusu kuni. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile zinazolisha zaidi ya 300 zikapewa hadi Januari 31, 2025. Shule yetu ya mfano ina watoto 400. Majiko ya gesi, ya makaa ya mawe yaliyosafishwa, ya bayogesi au ya umeme yanadai fedha nyingi kwa mkupuo, kisha yanabadilisha gharama ya kila siku. Nimeona bajeti ambazo bado zina mstari wa "kuni, tripu". Mstari huo ufutwe, na gharama halisi ya nishati iandikwe, kwa sababu bila hiyo ada yenu haijui inalipia nini.

4. Anayelipa ada

Ada iliyotangazwa haiwi sawa na ada iliyokusanywa. Kuna mdogo mtu aliyepunguziwa, kuna yatima anayesoma bure, kuna mtoto wa mwalimu wenu, na kuna asiyelipa. Watatu wa mwanzo ni uamuzi wa shule, na ni uamuzi mwema. Uandikwe kwenye bajeti kama msaada wa shule, kwa kiasi kinachojulikana, ili bodi ijue mwaka huu inaweza kuwabeba wangapi. Wa mwisho ni kazi ya mhasibu.

Tuanze na tarehe. Kwa nini awamu zenu zinaangukia tarehe zilezile kwa kila mzazi? Mfanyakazi anapata fedha mwisho wa mwezi. Mkulima wa kahawa wa hapa anavuna kuanzia katikati ya mwaka. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi anauza mnadani kuanzia Oktoba, kwa hiyo Januari anaweza kulipa hata mwaka mzima, na Julai hana kitu. Mkulima wa pamba Kanda ya Ziwa ana msimu wake. Mkae na mzazi siku ya kuandikisha mtoto, mwandike tarehe anazoziweza, asaini, nanyi msaini. Shule ikijua Novemba kwamba fedha fulani itaingia Februari, inaweza kupanga. Ahadi ya uongo ya Septemba haimsaidii mtu.

Baada ya hapo, orodha ya madeni isomwe kwa umri: ya wiki mbili, ya mwezi, ya muhula. Simu ipigwe wiki ya pili. Wiki ya pili mzazi bado anazungumza, na tatizo lake bado dogo. Wiki ya kumi hapokei tena. Na nawaombeni sana, mtoto asisimamishwe mstarini kusomewa jina lake. Mkataba ni wa watu wazima. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya wenzake anabeba jambo hilo miaka mingi, na sijaona deni hata moja lililolipwa haraka kwa sababu yake.

Fedha taslimu isipokelewe shuleni. Mzazi alipe benki au kwa simu, kwa namba ya mwanafunzi. Hata hivyo karatasi ya benki peke yake si uthibitisho, kwa maana karatasi za kughushi zipo, na wanaozileta si wazazi peke yao. Risiti itolewe baada ya fedha kuonekana kwenye taarifa ya benki. Kila mwezi mtu asiye mhasibu achukue vitu vitatu, rejista ya mahudhurio, daftari la ada na taarifa ya benki, avilinganishe jina kwa jina. Mtoto aliye darasani na hayumo kwenye daftari la ada ni swali linalotakiwa kujibiwa siku hiyohiyo.

Na michango. Shule inatangaza ada ya chini, kisha unafuata mchango wa mtihani, wa maabara, wa mahafali, wa kambi, wa tanki la maji. Wizara ilipokuja na wazo la ada elekezi, tulilalamika kwamba Serikali haijui gharama zetu. Tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mzazi naye hazijui, kwa sababu hatujamwonyesha. Ukurasa mmoja unatosha: katika kila ada ya milioni 2, kiasi gani ni chakula, kiasi gani mishahara, kiasi gani nishati, na kiasi gani kinabaki. Katika hesabu yetu ya leo chakula ni shilingi 675,000 na mishahara pamoja na NSSF ni kama 742,000. Mzazi akiona hivyo ataelewa kwa nini ada haiwezi kushuka, na ataelewa pia anacholipia.

5. Mwalimu

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu jambo lenyewe linajulikana. Mwalimu wa shule binafsi anaondoka kwa mambo mawili: ajira za Serikali zikitangazwa, au mshahara ukichelewa. La kwanza hamlizuii. La pili ni lenu. Mshahara wa tarehe inayojulikana unambakiza mwalimu kuliko mshahara mkubwa wa tarehe isiyojulikana, na michango ya NSSF iliyokatwa bila kupelekwa ni fedha ya mtu mwingine mliyoishika. Mwalimu anakuja kuigundua uzazini, au siku anapoacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa pia kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka kumi. Nani kati yetu anaitenga fedha hiyo kila mwaka? Ianzeni. Nitaeleza sasa hivi kwa nini ni ya haraka.

6. Mkopo, na wimbi la 2028

Sipingi mikopo. Napinga mkopo wa kujenga kitu ambacho wanafunzi wake hawajulikani watakaa miaka mingapi.

Riba ya mikopo ya benki zetu imekuwa ikizunguka asilimia 15. Mkikopa milioni 300 kwa miaka mitano, na marejesho yakawa ya mara moja kwa mwaka, mwaka wa kwanza mtarudisha milioni 60 za mkopo na milioni 45 za riba. Milioni 105 ni ada yote ya zaidi ya watoto 52, wanaolipa bila kudaiwa, na ambao bado wanatakiwa kula na kufundishwa. Kumbukeni pia kwamba huduma ya elimu imesamehewa VAT, jambo jema kwa mzazi, lakini kwa sababu hiyohiyo shule hairejeshewi VAT iliyolipa kwenye saruji, nondo na mabati. Makadirio ya mkandarasi yasiyoweka kodi hiyo si makadirio yenu.

Sasa sikilizeni vizuri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne wanaendelea kwa utaratibu wa zamani na wanamaliza darasa la saba mwaka 2027 huohuo. Makundi mawili yanatoka pamoja, na Januari 2028 yanaingia kidato cha kwanza pamoja.

Wenye shule za msingi, kuanzia 2028 mna madarasa sita badala ya saba, ukiacha awali. Kwa shule yenye madarasa yanayolingana, hiyo ni sehemu moja ya saba ya ada, na ada ya darasa la mwisho kwa kawaida ndiyo kubwa. Jengo halipungui, mlinzi hapungui, marejesho ya basi hayapungui. Kama itabidi kupunguza walimu, zile siku saba kwa kila mwaka zitadaiwa siku moja na watu wote. Bajeti ya 2027 inatakiwa kuwa na akiba hiyo.

Wenye sekondari, nawasikia mnatabasamu. Ni kweli, waombaji wa kidato cha kwanza mwaka 2028 watakuwa wengi kuliko mwaka wowote tulioujua. Lakini hesabuni: kundi hilo litakuwa kidato cha nne mwaka 2031, kisha litaondoka, na nyuma yake linakuja kundi moja la kawaida. Bweni la mkopo wa miaka mitano uliochukuliwa 2027 linamaliza kulipwa 2032. Mwaka wa mwisho wa marejesho, vitanda vile vitakuwa vitupu. Wenye kidato cha tano na sita watalipata wimbi hilo miaka miwili zaidi, na hao peke yao ndio wanaoweza kuhalalisha jengo la kudumu. Wengine wafikirie jengo linaloweza kugeuzwa: bweni litakalokuwa karakana ya mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ukumbi utakaogawanywa kuwa madarasa manne kisha kurudishwa, au makubaliano na shule jirani yenye vitanda visivyotumika. Wapo kati yenu hapa wenye majengo yaliyobaki wazi tangu shule za kata zilipoenea na Serikali ilipofuta ada ya sekondari zake hadi kidato cha nne mwaka 2016. Wenye majengo na wenye waombaji wamekaa chumba kimoja leo, na chai bado haijanywewa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo mawili yatoke katika ukumbi huu. La kwanza, kila shule ikaandae jedwali la mwaka hadi mwaka kutoka sasa mpaka 2032, likionyesha idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, ada inayotarajiwa kukusanywa kweli, mishahara na marejesho ya mikopo, na bodi ilipitishe kabla ya bajeti ya mwaka ujao. Niko tayari kulipitia na mhasibu yeyote atakayeniletea, bila malipo. La pili, shule kumi au kumi na tano za ukanda huu ziunde kamati ya kununua mahindi na maharage kwa pamoja msimu ujao wa mavuno, zikiwa na mpima unyevu mmoja na ghala moja la kukodi. Nimeacha karatasi mezani pale karibu na mlango. Anayetaka shule yake iingie aandike jina la shule, idadi ya wanafunzi, na magunia anayohitaji kuanzia Agosti hadi Machi.

Nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wahasibu, kwa sababu mara nyingi katika mikutano hii wao ndio wanaoulizwa mwisho.